Mama Kasafisha Ndege

Jamani, leo mama yangu kaifanyia ndege usafi! 😂

Ndiyo mara yake ya kwanza kupanda, katoka kijijini Ihanja kwenye alizeti zake. Tumetua Dar, watu wanagombania mlango, yeye kavua kanga ya begani anafutia kimeza.

"Mama, kuna watu wa usafi!"

"Nile kwa watu, halafu niwaachie uchafu?"

Kamwomba mhudumu ufagio. Mimi natamani kiti kinimeze.

Mara anapita baba mmoja wa suti.

"Baba, umesahau kikombe chako."

Nikafumba macho.

"Shikamoo mama," kasema, kainama, kaokota. Na wa nyuma yake wote wakaanza kuinama!

Mhudumu kacheka mpaka machozi, kaleta mfuko wa takataka.

Ulipojaa, kakabidhiwa nani? Mimi. Mama kaniambia, "Katupe jalalani."

Niko nao kwenye teksi. Jalala la ndege liko wapi, nyie? 😭