Viti Vilivyobaki Nje

Simu ikiita na namba haijulikani, wanawake wa mtaa wetu hawapokei. Wanaileta kwangu.

Mtaa wetu ni mistari miwili ya nyumba za matofali nyuma ya kambi ya askari, hapa Likasi, na karibu kila nyumba ina mwanaume aliyepelekwa vitani mashariki. Huko simu zinavunjika, zinapotea, zinaingia maji. Askari akitaka kuwasalimia watoto wake anaomba simu ya mwenzake, au ya muuza duka, au ya mtu yeyote aliye karibu. Kwa hiyo namba usiyoijua inaweza kuwa bwana yako mwenyewe, anacheka, anauliza kama mahindi yameota. Inaweza pia kuwa mwenzake aliyeagizwa akuambie kwamba hutamsikia tena. Mpaka ubonyeze, hujui. Na wengi hawawezi kubonyeza.

Mimi nabonyeza. Wananiita Madamu kwa sababu nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na wanaamini kwamba mwalimu anajua kuuliza maswali. Tena bwana yangu alikuwa askari, na habari yake ilinifikia zamani, katika vita vingine. Wanawake wanasema kwamba kwa mtu kama mimi hakuna simu inayotisha tena. Sijawahi kuwasahihisha. Lakini kila simu inanitisha.

Nina namna yangu ya kufanya kazi hii. Mwenye simu anasimama mlangoni, mimi nakwenda katikati ya ua na kumpa mgongo, ili asisome uso wangu kabla sijaelewa vizuri. Namwuliza anayepiga yeye ni nani, yuko wapi, na kama anachosema amekiona kwa macho yake au amesimuliwa. Halafu tu ndipo nageuka. Nimewafundisha wanawake wote: msitazame kitu kingine, msihukumu kwa mabega wala kwa mikono. Ngojeni nigeuke.

Asubuhi moja, mvua zilipokuwa zimeanza, nilikuwa ninatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Jirani yangu, mama wa mapacha, aliingia mbio, simu iko mbele yake kama mtu aliyebeba makaa.

"Madamu, iko naita! Namba siijue."

Bwana yake hakuwa amepiga kwa wiki saba.

"Lete," nikamwambia. "Na weye uende ku mulango. Usinifuate."

Nilipangusa mikono kwenye kitambaa, nikampa mgongo, nikabonyeza. Nilisikia upepo kwanza, kisha sauti ya mwanaume, ya taratibu sana.

"Njo nyumba ya mapacha?"

"Njo yenyewe. Ni nani anasema?"

"Mama, uikale chini kwanza."

Nikakaa. Pale pale, kwenye udongo wenye maji, pembeni ya kinu. Simu ikatoa mlio mdogo, ikazima. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake, na hakuna nyumba iliyokuwa imechaji kitu.

Ni lazima nieleze kosa langu vizuri, kwa sababu lilifanywa na miguu yangu kabla ya kichwa changu. Siku ile ya bwana yangu, mkubwa wake alikuja mlangoni akatumia maneno hayo hayo, uikale chini kwanza, nami nikakaa. Miaka yote hii sikujua kwamba miguu yangu ilikuwa bado inatii. Na kwetu mwanamke haketi juu ya udongo mtupu bila sababu. Anaketi hivyo siku ya kilio.

Mama wa mapacha hakuona uso wangu. Aliona mgongo wangu ukishuka.

Yeye hakulia. Mwanamke wa nyumba ya pili, aliyekuwa akitazama juu ya ukuta, ndiye aliyepiga ukelele. Wa tatu akaupokea. Nilisimama, nikapaza sauti: "Ngojeni! Hajasema kitu! Simu inazima tu!" Lakini ukelele wa kilio ukishaanza hausikilizi mtu. Nilipofika nyumbani kwake, walikuwa tayari wanatoa vitu. Ndivyo tunavyofanya kwenye msiba: viti, meza na kabati vinatolewa nje, wanaume wakalie viti uani, na wanawake waketi ndani chini pamoja na mfiwa. Viti sita vyenye matakia mekundu vilipita mbele yangu kimoja kimoja. Mtu alikuwa ameshavunja matawi ya michikichi ya kuweka barabarani, alama ya msiba. Ndani, mama wa mapacha alikuwa kwenye mkeka, pembeni, miguu imenyooshwa. Mapacha, wasichana wa miaka sita, walikuwa wameketi, mmoja kila upande wake.

Aliniuliza kwa sauti ndogo: "Alisema nini, Madamu?"

"Alisema niikale chini."

"Basi."

"Apana basi. Hajamaliza."

Akafumba macho. Niliona kwamba ukweli wangu haumsaidii kitu, kwa sababu hata mimi sikuuamini.

Nilitoa kadi yake nikaiweka katika simu yangu, ambayo betri yake ilikuwa bado na moto kidogo, kama yule mwanaume atapiga tena. Lakini namba yake ilikuwa imebaki ndani ya ile simu iliyozimika. Ilibidi nikaichaji. Sokoni kuna mama muuza unga mwenye sahani mbili za umeme wa jua juu ya paa. Nilikuwa natoka nilipoona pikipiki ya abiria inasimama. Dada mkubwa wa yule askari alishuka. Anakaa Kambove, mji wa jirani, na mtu alikuwa amempigia kabla hata matawi hayajafika barabarani. Alikuwa na kitambaa kiunoni, na ndani ya kitambaa, nilijua, wembe. Ukoo wa mume ndio unaomnyoa mjane. Na kichwa kikishanyolewa, neno limekwisha. Hakuna tena wa kuuliza.

"Yaya," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "ungoje. Nakwenda kuuliza vizuri."

"Madamu, weye ni muntu wa masomo," alisema, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta. "Masomo hairudishi mudogo yangu. Nitangoja maji ipate moto. Kisha naanza."

Nilitembea haraka. Nilitaka kukimbia, lakini barabara ilikuwa na matope, na tena nilifikiri, kama mtoto, kwamba nikianguka nitakuwa nimekaa chini mara ya pili.

Mama muuza unga alichomoa simu ya mtu mwingine akaweka ile ya mama wa mapacha bila kuuliza, alishasikia kilio. Mawingu yalikuwa yamefunika jua. Kila dakika nilibonyeza, na kila dakika kioo kilibaki cheusi. Mara kilipowaka nikaipata namba, nikaipiga na simu yangu.

"Mama," alisema yule mwanaume, "uliikala?"

"Nasimama. Na usiniambie tena niikale. Miye ni jirani. Weye ni nani?"

Alikuwa mwenzake wa kikosi, naye amelazwa. Walikuwa hospitali moja, mji wa mbali.

"Unamuona na macho yako?"

"Iko pembeni yangu. Anageukia ukuta."

"Muzima?"

"Muzima, mama. Lakini guu moja walikata, juu ya goti. Anakatala kupiga. Anasema niulize kwanza kama bibi yake atamupokea. Kama atakatala, yeye hatarudia Likasi."

Nilimwambia asiondoke kitandani pake, asiende hata chooni, nampigia tena. Njiani kurudi nilikuwa nikihesabu pumzi kama ninavyowafundisha wanawake, lakini hesabu ilinipotea. Nilipofika, ukelele ulikuwa umeshuka, na huo ndio wakati mbaya, kwa sababu wanawake wananyamaza wakati wa kunyoa. Dada alikuwa amepiga magoti nyuma ya mama wa mapacha. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeshafunguliwa, nywele zimeloweshwa.

"Ni muzima!" nilisema.

Hakuna aliyesogea. Dada alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayesema uongo kwa wema.

"Nitasikia mudomo yake mwenyewe," alisema. Wembe ulibaki mkononi mwake, juu ya kichwa.

Sikueleza zaidi. Nilipiga, nikafungua sauti ya nje ili wote wasikie, nikamsogezea mama wa mapacha simu. Aliitazama. Hakuwa amepokea sauti ya mtu asiyemjua tangu vita vianze. Mmoja wa mapacha akachukua mkono wa mama yake akauweka juu ya simu.

"Allô," alisema.

Yule mwenzake wa kikosi alimpa mgonjwa simu, nilisikia shuka likivutwa. Pumzi tu.

"Ni weye?" mama wa mapacha aliuliza.

Pumzi.

"Usikie," alisema, na sauti yake ikaanza kupanda. "Dada yako iko na wembe. Maji iko ku kichwa yangu, inashuka mpaka ku mugongo. Kama uko hai sema kitu, mbele aninyoe nywele. Kama ulikufa, ukate simu, tujue."

Mtu alikohoa huko, kisha kikohozi kikawa kitu kama kicheko kilichokosa njia.

"Ambia yaya aache kichwa ya bibi yangu."

Dada aliangusha wembe kwenye beseni. Alilia hapo kwa sauti ambayo hakuitoa alipodhani amefiwa. Mama wa mapacha alifunga sauti ya nje, akaweka simu sikioni, amekunja uso kama anayesikiliza maelekezo ya njia.

"Guu gani?" aliuliza. Kisha: "Ya kuume." Kisha akafuta maji shingoni kwa kiganja, na niliogopa, kwa sababu nilijua swali lililokuwa limeulizwa upande wa pili, na nilijua kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kusita.

"Utakuja na ile ingine," alisema.

Ningependa kusema kwamba hofu iliisha siku hiyo. Iliendelea, na ilianza na viti.

Wanaume walisimama uani wakitazama viti sita, meza na kabati, na hakuna aliyejua la kufanya. Kwetu vitu hurudishwa ndani baada ya mazishi, na ukoo wa mume ndio unaoanza. Sasa ukirudisha viti, umemaliza kilio. Na kilio kikiisha, mtu amezikwa. Dada alisema mkono wake hautagusa. Jirani mmoja mchungaji aliomba kwa nguvu, akavunja kila laana, akasema sasa rudisheni kwa jina la Yesu. Naye akabaki mikono mfukoni. Mimi niliyefundisha watoto kwamba kiti ni mbao na misumari, nilishika kimoja kwenye mgongo wake, nikakiacha.

"Bitabakia inje," mama wa mapacha alisema. "Mwenyewe atabirudisha."

Tuliingiza kabati peke yake, kwa sababu ya nguo za watoto, na hata hilo tuliliingiza kwa mlango wa nyuma. Viti na meza tulivifunika na turubai.

Mvua ya mwaka ule haikuwa na adabu. Kila asubuhi nilipita nikaona turubai limebeba maji, na chini yake matakia yanavimba. Habari za hospitali zilikuja vibaya: kidonda kilikuwa kimeoza, walimkata tena kidogo, kisha homa, kisha siku tisa bila neno lolote. Mama wa mapacha alikuwa haniletei tena simu. Alipokea mwenyewe, amesimama, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango, na sisi majirani tulitazama magoti yake.

Katika siku hizo nilimweleza nilichoweza, jioni, tukiwa tumekaa kwenye mkeka wa chumba kitupu. Kwamba bwana yake anaweza kuamka usiku akipiga kelele, naye asimguse bega, amwite kwanza akiwa mbali. Kwamba atausikia mguu usiokuwepo ukimuuma, na maumivu hayo si uongo. Kwamba kuogopa mwili wa bwana yako si dhambi, na hofu hiyo inapungua kwa kuosha kidonda, polepole. Alinisikiliza kama mwanafunzi mzuri. Kisha aliuliza:

"Na kama sauti ni yake, lakini muntu haiko yeye?"

Nilimshika mkono.

Bwana yake alifika wakati mahindi ya uani yamekomaa, gari likamshusha mbele ya nyumba mchana. Alikuwa amekonda, magongo mawili chini ya kwapa, suruali imekunjwa na kufungwa na pini. Mapacha walijificha nyuma yangu. Alitazama turubai, akatazama wanawake waliojaa ukutani.

"Kuko kilio?" aliuliza. "Nani alikufa?"

"Ni weye," alisema mke wake.

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi, na yeye mwenyewe mwisho. Lakini nilimwona akitazama viti tena, na kicheko kikimtoka usoni kabla hakijatutoka sisi. Alielewa bila kuelezwa. Alimpa pacha mmoja gongo moja. Akavuta turubai, maji yakamwagika, akashika kiti cha kwanza, kilichovimba na kuota ukungu, akakiweka begani.

Wanaume walisogea. Mama wa mapacha akawazuia kwa kidole.

Ngazi za mlango ni tatu. Alipanda ya kwanza, akasimama, kiti kikiyumba. Mke wake alikuwa nyuma yake hatua moja, hamgusi, viganja vyote viwili wazi kwenye hewa, upana wa mgongo wake, vikipanda kila alipopanda na kutetemeka kila alipotetemeka. Alipanda ya pili. Nami nilikuwa nimesimama, na niliiambia miguu yangu isimame.