Kundi la Mengineyo

Kabla ya kuingia chumba cha kompyuta ulivua viatu. Hiyo ilikuwa amri ya bosi wangu, daktari wa mafunzo, na hata yeye mwenyewe aliitii. Soksi yake moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba na hakuona haya. Vumbi la Shinyanga, alisema, litaiua mashine kabla mwaka haujaisha. Mimi niliyezaliwa Didia, niliyekula vumbi hilo tangu natambaa na nikakua, nilimcheka kimoyomoyo. Lakini nilivua. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na mpaka leo nikikanyaga saruji baridi asubuhi, naanza kusikia ule muungurumo wa feni ndani ya kompyuta, na usingizi mtamu unaninyemelea.

Hiyo ni miaka ya tisini, katika hospitali moja ambayo jina lake naliacha, maana wapo waliofanya kazi pale ambao hawanipendi. Kila mwaka hospitali ilichukua matabibu wanane kutoka zahanati, hasa za vijijini, watu waliokuwa wameshatibu miaka kadhaa, ikawaleta mjini kujifunza upasuaji na uzazi wa shida. Walihamia kabisa, wakalala humo humo hospitalini miaka miwili, kwa hiyo tuliwaita wakaazi. Waombaji walikuwa wengi, bahasha zilijaa magunia. Zamani zilichambuliwa na wazee watatu mezani kwa wiki mbili, wakinywa chai na kubishana. Kisha ikaja kompyuta, na kwa kuwa nilikuwa napiga taipu haraka kuliko wote, nikapewa mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwa kila mwombaji nilijaza jina, umri, miaka kazini, vyeti, na kijiji anakofanya kazi. Nikimaliza, daktari alikaa kitini pangu na kubonyeza mwenyewe, maana sehemu hiyo aliipenda kama mtoto anavyopenda kupiga kengele. Kwanza alichuja: aliyezidi miaka thelathini na mitano anaondoka, asiye na miaka mitatu kazini anaondoka. Kisha alipanga makundi. Mashine ilisoma kijiji cha kila mtu na kumpeleka kwenye kundi lake: wa vijiji vya pamba, wa kando ya barabara kuu, wa machimbo ya dhahabu, wa mjini, na kadhalika. Kila kundi lilikuwa na nafasi yake, ili watu wa mjini wasizizoe zote. Orodha ya vijiji daktari aliiandika kwa mkono wake, akinakili kutoka ramani ya serikali. Kijiji ambacho mashine haikukikuta kwenye orodha hiyo, mwenye nacho alitupwa kundi la mwisho lililoitwa Mengineyo. Hilo halikuchapishwa. Daktari alisema humo ni takataka, fomu za watu wasiojua hata wanaishi wapi.

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyokubali. Mchana joto likishika, wagonjwa wamelala, hata kunguru wamenyamaza, mimi nilikuwa peke yangu na herufi za kijani zikitokea moja moja kwenye kioo cheusi. Bahasha nyingine zilinuka moshi, nyingine maziwa. Ya Tinde mara moja ilimwaga punje za mtama juu ya kibodi nikazitafuna. Nilikuwa naandika jina la kijiji, na kabla kidole hakijatoka kwenye herufi ya mwisho nimeshafika: naona zahanati ya vyumba viwili, ndoo ya maji mlangoni, akina mama kwenye benchi. Ikija ya Geita naona matope mekundu na watu wanaochimbua wakiwa na tochi kichwani. Sikuwa nimefika Geita maisha yangu yote. Daktari akiingia ghafla ananikuta nimetulia, mikono hewani, ananiuliza, "Umefika wapi leo?" Nami namtajia.

Yeye alikuwa mtu wa Tanga, na Kiswahili chake kilimtoka laini mpaka kilinikera. Alinitania kwa matamshi yangu. Nilikuwa nasema "balua" na "habali" kila nikisahau, na kila nikisahau alinisahihisha kwa upole, na upole huo ndio ulionipandisha hasira. Nikajifunga kibwebwe. Niliapa kwamba kwenye mashine yangu hakuna herufi itakayokosewa: nitaandika kile kilichoandikwa kwenye fomu, vile vile kilivyo, nisiongeze wala nisipunguze. Alinisifu mbele ya watu kwa hilo. Mwaka wa tatu akaniambia anapeleka jina langu ili niajiriwe moja kwa moja.

Mwaka huo wa tatu, orodha ya majina ikabandikwa ubaoni siku ya Jumatatu. Wakaazi saba. Kwenye kundi la machimbo iliandikwa kuwa hakuna mwombaji aliyefaa, na nafasi hiyo itahamishiwa mjini. Ijumaa karatasi zingepelekwa ofisi ya mkoa, na baada ya hapo hakuna kugeuza.

Jumatano asubuhi mwanamke mmoja alisimama mlangoni kwangu. Alikuwa amevua viatu bila kuambiwa, akavishika mkononi. Mrefu, kitenge kimefifia, miguu imejaa vumbi jeupe la safari. Akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nami nikamjibu kwa Kiswahili, kwa mkato, kwa sababu nilikuwa kazini na nilitaka ajue niko kazini.

"Matokeo yako ubaoni, mama," nikamwambia.

"Nimeyaona, mwanangu. Jina langu halimo. Nimekuja kuuliza nilipokosea tu, nisije nikafa bila kujua. Mwakani sitaomba, umri utakuwa umenipita."

Nikamwambia waliochujwa ni wengi, wote wana sababu. Akaitikia kwa kichwa, hakubisha. Akasema yeye ni tabibu, yuko peke yake zahanatini, ana mwaka wa tisa. Wachimbaji wakiangukiwa na kifusi anawafunga mifupa, hilo analiweza. Asiloliweza ni mama mjamzito mtoto akikataa kutoka. "Namfunga kwenye baiskeli, kijana anasukuma, mimi natembea nyuma nimeshika dripu. Wengine wanafika huku. Wengine hawafiki. Nikijua kupasua, sitatembea tena nyuma ya baiskeli." Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Nikamuuliza, ili aondoke, ni wa kijiji gani.

"Ng'wakitolyo," akasema.

Nikasikia sikio langu likisimama. Si kwamba ni neno geni. Ni kwamba halikuwa geni hata kidogo. Nyumbani Didia hakuna mtu aliyesema Mwakitolyo. Bibi yangu hakusema hivyo, baba hakusema hivyo, nami pia sisemi. Hiyo Mwa ni ya ramani, ya barua za serikali, ya watu kama bosi wangu wasioweza kutamka ng' mwanzoni mwa neno bila kukunja pua. Sisi tukiona Mwa tunasoma Ng'wa, na tukiona Ng'wa tunasoma Ng'wa. Kwangu mimi lilikuwa neno moja. Kwa mashine yalikuwa mawili.

Nikamwambia akae. Nikafungua kundi la Mengineyo, ambalo sikuwahi kulifungua, nikatafuta jina lake. Lilikuwepo. Umri thelathini na mitano kamili, miaka tisa kazini, vyeti vyote, kijiji Ng'wakitolyo, na kile kialama cha juu nilikuwa nimekiweka mahali pake barabara. Niliandika kile kilichoandikwa. Kabla ya kulifunga kundi lile nilirudia kusoma mstari wake mara tatu, na masikio yalikuwa ya moto. Niliona aibu, na juu ya aibu hofu, kwa sababu kibarua changu chote kilisimama juu ya sifa ya kutokukosea.

Sitajifanya malaika. Niliwaza kubadilisha herufi zile, nichape orodha mpya, niibandike kimya kimya, na nikiulizwa niseme umeme ulikatika katikati. Umeme wa Shinyanga ulikuwa unabebeshwa makosa mengi kuliko hayo. Ila orodha ilikuwa na sahihi ya daktari, na sahihi sikuweza kuitaipu. Nikamwacha mama yule kwenye kiti changu, nikaenda wodini pekupeku, viatu nimevisahau.

Daktari alikuwa anaandika kwenye faili la mgonjwa. Nikamweleza. Hakuelewa. Nikamweleza tena.

"Kwa hiyo hiki ni kijiji gani?" akauliza.

"Ng'wakitolyo."

"Mwakitolyo?"

"Ndicho hicho, daktari. Ng'wa. Itoe puani."

Akajaribu. Kikamtoka kitu kama mtu anayesafisha koo. Akajaribu mara ya pili, muuguzi akageuza uso kucheka, na mimi sikucheka. Akaniuliza kama mashine imekosea. Nikamwambia mashine haijakosea, na mwombaji hajakosea, kaandika kwao kunavyoitwa. Niliyekosea ni mimi, niliyejua maneno yote mawili na nisione tofauti. Nilikuwa tayari kwa lolote, na naikumbuka harufu ya spiriti pale, na jua lililoingia dirishani likatulia juu ya shuka jeupe, na kwa sekunde chache niliona kama nimesimama ndani ya maji yaliyotulia.

"Na mimi niliyeandika orodha nusu," akasema mwishoni. "Chapa upya. Naja kusaini."

Nilirudi nikabadilisha herufi mbele ya macho ya yule mama. Daktari akaja, akavua viatu, akachuja, akapanga. Kundi la machimbo likatokea, na ndani yake jina moja. Mama alilitazama jina lake likimetameta kijani. Hakuruka wala hakupiga vigelegele. Aliniomba maji ya kunywa, akanywa vikombe viwili mfululizo, halafu akaanza kuhesabu kwa vidole ni akina mama wangapi wa zahanati yake watajifungua kabla hajapata wa kumwachia. Ijumaa karatasi zikaenda zikiwa na majina manane.

Ningeishia hapo kama ningekuwa mtu wa kuacha mambo. Lakini nililala na neno lake moja, kwamba mwakani sitaomba. Mtu hasemi hivyo kama hajaomba kabla. Wiki iliyofuata, mchana wa joto, nilitoa diski za miaka miwili iliyopita kutoka kwenye kopo la biskuti tulimozihifadhi. Nikaiingiza ya kwanza, nikaandika jina lake. Mashine ikafikiri kidogo na kulileta. Mengineyo. Nikaingiza ya pili. Mengineyo. Miaka yote miwili kundi la machimbo lilikuwa halina mtu, na nafasi ikahamia mjini, na aliyepiga taipu ni mimi, vidole hivi hivi.

Nilikaa na siri hiyo miezi. Yeye alishahamia hospitalini, mkaazi kama wenzake. Nilikuwa namwona akivuka ua asubuhi na koti jeupe lililompwaya, akinisalimu kwa furaha, akiniita mayu mbele za watu, heshima ambayo kwetu anapewa mama mzima, nami nilikuwa mdogo wake kwa miaka mingi. Kila aliponiita hivyo roho ilinisuta. Siku moja nikashindwa. Nilimkuta nje ya chumba cha upasuaji, kwenye bomba, ananawa mikono mpaka viwikoni kwa sabuni. Nikamwambia yote, haraka, bila kumtazama: kwamba hakukosa mara zile mbili, kwamba alifaa tangu mwaka wa kwanza, kwamba nilimtupa mimi.

Aliendelea kunawa. Maji yalikuwa yanamiminika juu ya viwiko, meupe kwa povu.

"Mimi nilidhani sina akili ya kutosha," akasema. "Miaka miwili nilijiambia hivyo."

Nikamwambia anisamehe.

"Wanne," akasema, na sikuhitaji kuuliza wanne gani. Alikuwa anawaona, nadhani, mmoja mmoja, na mahali baiskeli ilipokuwa imefika kila mmoja wao alipomfia. Kutoka ndani muuguzi akamwita, mgonjwa yuko tayari. Akainua mikono iliyolowa, akaufungua mlango kwa bega, kisha akasimama nusu ndani nusu nje.

"Na humo mlimonitupa," akaniuliza, "nilikuwa peke yangu?"

Mara zote tatu nilizolifungua kundi lile, nilikuwa nimemtafuta yeye tu.