Saumu ya Bimkubwa

Kijijini kwao, mwendo mfupi kutoka Mtambile, Bimkubwa binti Ame alisifiwa kwa saumu yake ya kila Alhamisi. Wanawake waliwausia mabinti zao wamtazame yeye. Kila aliposikia sifa hizo aliinamisha uso, nao wakauita huo unyenyekevu.

Alhamisi ya kwanza hakufunga. Asubuhi yake alikunywa chai, akala muhogo, akatafuna tambuu, kisha akafuatana na wanawake wa chama chake kwenda kuzuru msikiti wa kale ulio kati ya mikarafuu. Paa lake lilianguka zamani. Kibla cha mawe, pale asimamapo imamu, kilibaki kimesimama, na watu walikwenda kukifukiza ubani na kuweka nadhiri. Enzi za mabibi zao kijiji kizima kilizuru pamoja. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya siasa, na watu wazima wenye akili zao walikwisha kukubali kuambiwa wamzike nani, wanunue chumvi duka lipi, na sinia ya nani wasiiguse. Hata ziara iligawanywa: chama hiki asubuhi, kile alasiri.

Walimkuta Mize peke yake mbele ya kibla, na sinia ya wali wa nazi iliyofunikwa kawa. Mize alikuwa jirani yake Bimkubwa, ukuta kwa ukuta, naye ni wa chama cha pili. Bimkubwa alipomzaa Othman maziwa yakakataa kutoka, Mize ndiye aliyemnyonyesha. Na homa ilipomlemea mtoto huyo mwaka uliopita, Mize ndiye aliyekuja kunadhiria hapa: akipona, atampikia mamake wali, na mama ataulia papa hapa. Othman alikwisha kupona.

"Karibu, mwenzangu," Mize alisema. "Nimewahi makusudi nikukute. Ni nadhiri ya mwanetu."

Mwanawema, aliyeongoza msafara, akakohoa. "Wali wa chama gani huo, Mize? Una kadi?"

Wenziwe wakacheka.

"Nimetia nazi na chumvi, Bi Mwanawema. Kadi sikutia."

Tonge moja lingetosha. Bimkubwa alimtupia jicho Mwanawema, kisha akasema, "Nimefunga."

Mize akamtazama midomo, myekundu kwa tambuu. Wote wakaitazama. Mize alirudisha kawa juu ya wali.

"Mungu akutakabalie. Nitakungoja mpaka magharibi."

Mchana Bimkubwa alimpakulia mumewe chakula, lakini mkono wake mwenyewe haukwenda kinywani. Alisugua midomo kwa kitambaa mpaka ikamuuma. Jua lilipoanza kuchwa alitoka, akapita mbele ya baraza ya Mwanawema wala hakutafuta njia ya nyuma.

Mize alikuwapo pale pale kiblani, akifukuza nzi kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani. Alimpa tende kwanza, kama apewavyo aliyefunga kweli.

"Futuru."

Hapo Bimkubwa alitamani angalau atukanwe. Wali ulikwisha kupoa na kukauka, akaumega tonge.

"Mize, mie leo asubuhi..."

"Kula, mwenzangu. Nadhiri isije ikabaki."

Tangu siku hiyo hakuiacha saumu ya Alhamisi, na sifa zikazidi. Mize peke yake hakumsifu. Kila Alhamisi, kabla ya adhana ya magharibi, alimpitishia tende juu ya ukuta, na Bimkubwa akazipokea bila ya kuinua macho.