Makinda ya Chumba cha Nyuma

Mtaani walimwita Manyoya, na jina lilimkaa. Miaka ishirini na sita aliuza ndege: chiriku, njiwa, na kasuku wa kijivu waliojua kutukana kabla ya kujua kusalimia. Unyoya haukukosekana kwenye kola yake, hata msibani. Kazi yake aliijua, hilo sitamnyima. Mengine nitamnyima.

Makinda ya kasuku yakitolewa kiotani mapema hayajui kula. Wauzaji wengine huyalisha kwa bomba la sindano. Manyoya alilidharau bomba. Alidai kinda lililolishwa hivyo hukua na kiburi, na mteja anataka ndege anayependa watu. Kwake ilikuwa mdomo kwa mdomo: mtu anatafuna mahindi ya kuchemsha hadi yalainike kama uji, kinda linajichotea. Ila meno ya mbele ya Manyoya yalishakwenda zake, kwa hiyo mtafunaji alikuwa mkewe. Asubuhi, mchana na jioni, mama wa watu alikaa kwenye kigoda chumba cha nyuma, makinda saba yakimgombania, naye akitania kwamba hata ujanani hakubusiwa hivyo.

Mwaka huo walikuja kasuku wawili wapya, wamejikunyata, manyoya yamesimama, macho yanatoa majimaji, kinyesi kijani. Manyoya aliona, si kwamba hakuona. Aliwakorogea unga wa dawa ya kuku kwenye maji, akawaficha chumba cha nyuma pamoja na makinda, ili wateja wasije wakawaona.

Wiki mbili hazijapita, mkewe akashikwa na homa, kichwa kikimgonga, kikohozi kikavu. Walidhani malaria, wakanunua dawa za malaria, wapi. Aliposhindwa kumaliza sentensi bila kuhema, Manyoya alimpeleka hospitali. Daktari, mwanamke wa sauti ya taratibu, aliitazama picha ya mapafu, akauliza mambo mengi, mwisho akauliza kama nyumbani kuna ndege.

"Hapana, daktari," alisema Manyoya. "Hatufugi ndege."

Mkewe alikuwa hapo hapo kitandani, barakoa ya oksijeni usoni, macho wazi. Alimtazama tu.

Tusimwonee, sababu alikuwa nayo. Kuku wa jirani walipougua, watu wa mifugo walikuja na magunia wakalibeba banda zima, wazima kwa wagonjwa. Manyoya alikuwa na ndege arobaini, akaona maisha yake yote yanaingia guniani. Alijiambia kwamba madaktari wana dawa nyingi, haitakosekana ya mkewe. Alijiambia hivyo siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila jioni alimpelekea chungwa ambalo mgonjwa hakuweza kulimeza.

Siku ya nne asubuhi aliwakuta kasuku wale wawili chali sakafuni, na makinda sita kati ya saba. Ndipo miguu ikaijua njia ya chumba cha daktari. Alimweleza daktari yote, macho kwenye viatu vyake mwenyewe. Daktari hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alimwambia homa ya kasuku inajulikana: kinyesi cha ndege mgonjwa kikikauka huwa vumbi, mtu akilivuta tu huugua, sembuse anayemlisha ndege kwa mdomo. Vidonge vyake si adimu, na angempa mama siku ile ile aliyofika. Sasa atampa, ila pafu moja limeshaharibika vibaya.

Mama alipona, kama kupona ni kupanda ngazi tano na kukaa chini. Siku alipovuliwa barakoa, Manyoya alikaa ukingoni mwa kitanda akimsugua mkono na kumshukuru Mungu kwa sauti. Mkewe alimwacha amalize.

"Nilikusikia ukikataa," alisema.

"Sasa mbona hukusema, mke wangu?"

"Nilijua utarudi kusema mwenyewe." Akatafuta pumzi. "Wamekufa wangapi?"

Manyoya alisema wanane.

"Ndiyo maana ukaja," alisema mkewe, kisha akamwomba muuguzi ampigie simu dada yake, aje amchukue.