Mfiwa gani anaosha sufuria?

Leo mdomo wangu umeniponza, jamani.

Mnajua nisivyopenda filamu za maisha ya watu halisi. Wanatia chumvi mno!

Mchana nilikuwa banda la video hapa Kirumba, wanaonyesha ile ya marehemu kipa wa mtaani kwetu. Kwenye msiba wake, mama mzazi anaosha sufuria tu, hatoi hata chozi.

Nikapaza sauti: "Uongo! Mfiwa gani anaosha sufuria?"

Watu wakacheka.

Bibi aliyekaa mbele yangu akageuka taratibu. "Ndiye mimi huyo, mwanangu. Hata siku ile walinisema hivyo hivyo."

Nyie mngejibu nini?

Mimi nilibaki na "Shikamoo" tu.

"Marahaba," akaitikia. Ndipo machozi yakamtoka.