Madonge ya Lehemu

Baba alipofariki, mama hakuomba kaburi la vigae. Aliomba kinanda. Kilikuwa kinanda cha umeme cha zamani, chenye ndimi za chuma ndani yake, ambacho mmisionari mmoja alikiacha kanisani kwetu Mishamo alipoondoka. Baba, mwalimu wa kwaya, alikipiga mpaka mikono yake ilipokataa. Tangu hapo kilikaa stoo, bubu, chini ya magunia ya maharage.

"Kitengeneze kabla hatujamaliza msiba," mama aliniambia. "Nataka niusikie wimbo wake mara moja, kama alivyokuwa anaupiga mwenyewe. Basi."

Nilikipakia kwenye lori la mahindi hadi Mpanda, ninakoishi. Fundi redio mmoja wa mtaa wa Nsemulwa, rafiki yangu tangu shule, akanipa kona kwenye kibanda chake. Mimi ni mtu wa kuandika mambo. Nilinunua daftari, nikavipa vibonyezo namba, nikaorodhesha kila kasoro. Panya walikuwa wamekula vitambaa vya nyundo ndogo zinazogonga ndimi. Nikakata vipya kwenye blanketi zito. Amplifaya ilikuwa imeungua. Fundi akafunga nyingine ndogo inayotumia betri ya pikipiki, pamoja na spika mbili za gari. Sanduku la plastiki lilishapasuka, hivyo seremala akanitengenezea jipya la mninga. Watu walisimama mlangoni kuliangalia. Nilifurahia kuangaliwa.

Zikabaki ndimi. Kila ulimi una donge dogo la lehemu kwenye ncha. Ukiongeza lehemu sauti inashuka, ukipunguza inapanda. Lakini baadhi ya ndimi za kinanda chetu zilikuwa na madonge makubwa, yenye matuta, yaliyowekwa kwa mkono. Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

"Mzee wako alikuwa mwalimu wa kwaya au fundi wa masufuria? Cheki hii! Kama kinyesi cha mbuzi."

"Hakuwa na vifaa," nilimtetea.

"Hakuwa na mkono, kaka. Lete tupa."

Tulikata, tukapiga tupa siku mbili, simu ikiwa mezani ikipima sauti, mpaka kila sauti ilipowasha rangi ya kijani kwenye kioo. Kwenye daftari niliandika: namba 31, safi. Namba 34, safi.

Siku ya kumaliza msiba kanisa lilijaa. Wamama wanane wa kwaya ya zamani walisimama mbele. Nilipiga mwenyewe, wimbo ule baba alionifundisha nikiwa mdogo, kabla sijaenda kusoma Mpanda, ambako masikio yangu yalilelewa na redio. Wakaanza kuimba kwa Kirundi, wimbo waliokuja nao walipokimbia kwao. Mstari wa pili sauti zao na kinanda vikagombana. Wakarudia. Vikagombana tena. Mara ya tatu bibi mkubwa kuliko wote akainua mkono.

"Mtoto wa mwalimu, hicho kinanda kinatukatalia."

"Bibi, kiko sawa. Nimekipima."

"Umekipima na nani?"

"Na simu."

Vijana waliokaa nyuma walicheka. Bibi hakucheka.

"Mzungu alipokileta kilitukatalia hivihivi. Akatwambia nyie mkifuate. Baba yako akasema hapana, kinanda ndicho mgeni hapa, kijifunze chenyewe. Kiangazi kizima alikuwa anatuita mmojammoja. Unamwimbia sauti moja tu, anaweka kilehemu chake, anasikiliza, anakwambia imba tena. Mimi nilimwimbia mpaka uji ukaungua nyumbani."

Nilimtazama mama. Alikuwa anaangalia magoti yake.

"Kizime," alisema.

Wakaimba bila kinanda, vizuri, na watu wakalia. Mama hakulia.

Wiki iliyofuata nilirudi kibandani nikiwa na daftari langu. Lina kila kitu: namba, tarehe, aina ya blanketi, urefu wa mbao. Halina neno moja kuhusu namna kila ulimi ulivyolia kabla sijaugusa. Wala sikuwahi kumuuliza mama swali lolote kuhusu kinanda, mimi ninayemuuliza kila mtu. Nilimwomba fundi yale madonge, angalau niyapime uzito.

"Yale?" alisema, bila kuinua macho. "Nilishayayeyusha, kaka. Yako kwenye redio za watu."

Nilimwambia mama kwamba ningeweza kuwaita tena wale wamama, tuanze upya, mmojammoja. Akaniuliza nani atasikiliza. Wanne kati ya waliomwimbia baba kiangazi kile walishazikwa.

Kinanda kipo kanisani. Kwaya ya vijana inakipenda. Kinaendana na nyimbo zao, na mninga unang'aa. Jumapili kikianza kulia, mama hunyanyuka taratibu, hutoka, husimama nje penye baiskeli mpaka kizimwe.