Bakuli la Binti

Sikusomea filamu popote. Nilijifunza mwenyewe nyumbani kwetu Wembley, nikizitazama filamu za Kijapani na kuzirudisha nyuma kila watu walipokaa kula. Tena nina wasiwasi wa kuzaliwa nao: sentensi moja naiandika na kuifuta mpaka naichukia. Kwa hiyo klabu moja ya filamu iliponialika nizungumzie chakula katika filamu hizo, nilijiandaa kwa wiki kadhaa.

Jioni moja mama alikaa nami mkekani, bado na sare yake ya kazi ya kutunza wazee. Kwenye skrini baba mmoja alinyoosha bakuli tupu bila kumtazama mtu. Binti yake akaacha kula, akampakulia wali.

"Mtazame! Hata ahsante hana," mama alisema. "Kama babaako na sahani yake."

"Mama, hiyo ni sanaa."

"Haya, sanaa. Na huyo mtoto wa watu atakula saa ngapi?"

Nikarudisha nyuma. Bakuli la binti lilikuwa limejaa vilevile mpaka wenzake wanaondoka mezani. Miaka yote nilikuwa nikisifu ukimya wa meza ile na mvuke wa wali, nisilione. Hata mimi, ambaye huwapakulia kaka zangu kwanza na kubaki na ukoko!

Nikayaandika hayo. Mwenyekiti wa klabu alisoma rasimu, akanipigia simu.

"Nzuri, ila mama yako mtoe. Watu wanakuja kusikia uchambuzi, siyo mambo ya jikoni. Ukishindwa, tutampa mtu aliyesomea."

Nilimtoa. Nikasoma tena: maneno safi, hayana uhai. Nikamrudisha, bila kumwambia mwenyekiti.

Siku yenyewe ikafika. Nilisimamisha picha kwenye bakuli la binti, nikauliza swali la mama, nikataja ni la nani. Mwenyekiti akakohoa. Mama, mstari wa mbele, akajibu kwa Kiswahili, ukumbi mzima ukamsikia:

"Hatakula huyo! Si nilikwambia?"

Nikawatafsiria, neno kwa neno.

Tuliporudi nyumbani tulikuta kila mtu ana njaa, tukapika wali. Tulipokuwa tumeanza kula, kaka yangu mmoja alininyooshea sahani tupu, macho kwenye simu.

"Sufuria ile pale," nikamwambia.

Mama akaanza kunyanyuka. Nikamshika kanga.

"Kaa, mama. Wali wako unapoa."